Tekenya katika Nyayo za Askari na Wapagazi: Neno, Vita na Aibu katika Nchi ya Mpanda



Mihadhara ya taaluma za Kiswahili imezoea kushughulikia mambo makubwa: usanifishaji wa lugha, arudhi ya mashairi, chimbuko la lahaja. Mimi leo nimekuja na mdudu ambaye urefu wake ni kama milimita moja. Mdudu huyo ni tekenya, ambaye wengine humwita funza. Nitaeleza jinsi alivyoingia katika nchi yetu, jinsi alivyoingia katika miguu ya askari na wapagazi wa Vita Kuu ya Kwanza, hususan katika ukanda wa Ziwa Tanganyika, Karema na Tabora, na hatimaye jinsi alivyoingia katika lugha.

Hoja yangu ni moja. Kiswahili kina maneno mawili ya mdudu huyu, na kila neno linamtazama mgonjwa kutoka upande wake. Neno moja limetoka ndani ya ngozi ya anayeumwa. La pili limetoka katika jicho la anayemtazama. Neno tunalolichagua darasani, zahanatini na katika kamusi linaamua kama mgonjwa atanyoosha mguu wake ili atibiwe, au ataukunja na kuuficha.

Naomba nianze na kumbukumbu yangu mwenyewe. Nilikulia katika kijiji kimoja cha nchi ya Mpanda, wakati huo ikiwa bado sehemu ya Mkoa wa Rukwa, kabla Mkoa wa Katavi haujaundwa mwaka 2012. Shuleni kwetu kila Jumatatu kulikuwa na ukaguzi wa usafi. Siku moja mwenzangu, tuliyekaa dawati moja, aliitwa mbele na kuamriwa aweke mguu juu ya kiti. Mwalimu akauliza darasa zima mtoto huyu ana nini. Tukaitikia kwa sauti moja: "Funza!" Na mimi niliitikia. Kesho yake hakuja shuleni, wala wiki iliyofuata, wala mwaka uliofuata. Jioni ile nilipomsimulia bibi yangu huku nikicheka, hakucheka. Alisema, "Mjukuu wangu, yule mtoto ameingiwa na tekenya. Nawe ungeingiwa kama usingekuwa na ndara." Nilidhani bibi ananikemea tu. Miaka mingi baadaye, nilipokuwa nikisoma isimu, ndipo nilipotambua kwamba katika sentensi ile fupi bibi alikuwa amebadilisha nomino na kitenzi, na kwa kufanya hivyo alikuwa amebadilisha hukumu.

Mdudu na safari yake

Tekenya ni aina ya kiroboto. Wanasayansi humwita Tunga penetrans. Asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, pamoja na visiwa vya Karibi. Jike hujipenyeza katika ngozi ya binadamu au mnyama, hasa chini ya kucha, baina ya vidole na kisiginoni, kwa kuwa hawezi kuruka juu sana. Akishaingia, huacha nje ncha ya nyuma tu, ambayo huonekana kama kitone cheusi. Kwa kitone hicho hupumua na kudondosha mayai. Ndani ya ngozi tumbo lake huvimba kwa muda wa wiki moja au mbili hadi kufikia ukubwa wa punje ya njegere. Hutoa mayai mengi, ambayo huanguka na kuanguliwa katika vumbi kavu; kisha mwenyewe hufia humo humo alimoingia.

Madhara yake makubwa huja baadaye. Kidonda alichokiacha ni mlango wa vijidudu vingine. Kidonda hutunga usaha, kucha hung'oka, kidole huoza, na pepopunda hupata njia. Mtu mwenye tekenya wawili watatu huwashwa tu. Mtu mwenye makumi hawezi kutembea.

Barani Afrika kuenea kwake kulianzia pwani ya Angola mwaka 1872, pale meli iliyotoka Brazil ilipotia nanga Ambriz ikiwa na mchanga uliotumiwa kuipa meli uzito. Kutoka hapo alifuata njia za watu. Alipanda na misafara ya biashara, na vikosi vya askari wa Dola Huru ya Kongo, na wapagazi wa wapelelezi. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 alikuwa amefika Ziwa Tanganyika, na kabla karne haijaisha alikuwa amefika pwani ya Bahari ya Hindi. Kwa hiyo alivuka bara zima katika muda wa takriban miaka 25, kwa kubebwa katika nyayo za wale waliobeba mizigo ya wengine.

Miaka hiyo ilikuwa migumu. Sotoka ilikuwa imeteketeza ng'ombe mnamo 1890 na 1891, na ndui ilikuwa ikizunguka. Mwanahistoria Helge Kjekshus, katika kitabu chake cha mwaka 1977 kuhusu mazingira na uchumi wa Afrika Mashariki, amemweka tekenya katika orodha hiyo hiyo ya mapigo. Msafiri Oscar Baumann, aliyepita upande wa kusini-magharibi wa Ziwa Viktoria mwaka 1892, alikuta watu walioshindwa kulima kwa sababu ya miguu. Ni vyema tulitafakari hilo. Njaa inaweza kuingia kijijini kwa njia ya kisigino.

Katika nchi ambayo leo ni Katavi, mahali pa kupaangalia ni Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika. Kituo hicho kilianzishwa mwaka 1879 na chama cha Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Wamisionari wa Afrika, maarufu kwa jina la Mapadri Weupe. Hapo alifanya kazi Adrian Atiman, aliyezaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akasomea uganga Malta. Alifika Karema mwishoni mwa miaka ya 1880, yaani kabla tekenya hajafika ziwani, na alibaki huko akitibu hadi alipofariki mwaka 1956. Tunaposema kwamba maradhi haya yana historia katika nchi ya Mpanda, tunasema juu ya jambo lililoanza na kukua katika umri wa kazi wa mganga mmoja.

Vita vilivyopiganwa kwa miguu

Mwaka 1914 vita vya Ulaya vilifika Afrika Mashariki. Mwaka 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji lilivuka ziwa na mipaka: Kigoma ilitekwa mwishoni mwa Julai, na Tabora tarehe 19 Septemba. Karema nayo ilipita mikononi mwa jeshi hilo. Upande wa kusini, vikosi vya Waingereza vilikuwa vikipanda kutoka Rhodesia ya Kaskazini na Nyasaland. Kwa hiyo nchi iliyo baina ya ziwa, Ufipa na Unyamwezi ilizungukwa na majeshi pande zote, na vijiji vyake vikadaiwa chakula na watu wa kubeba mizigo.

Magari hayakuwa na barabara, na wanyama wa kubeba mizigo waliuawa na mbung'o. Kilichobaki ni kichwa na miguu ya binadamu. Waingereza peke yao waliajiri au kukamata wapagazi wanaokadiriwa kufika milioni moja katika vita vile, na inakadiriwa kwamba karibu 100,000 kati yao walikufa. Wabelgiji nao walitumia zaidi ya wapagazi laki mbili. Walio wengi waliuawa na kuhara damu, homa ya mapafu na malaria. Risasi iliua wachache.

Tekenya hakuwa muuaji mkuu, na hiyo ndiyo sababu amepotea katika historia. Hesabu za vita huhesabu waliokufa. Mtu aliyerudi nyumbani akiwa hai lakini hana vidole vitatu hana safu yake katika jedwali. Hata hivyo, jeshi lililotegemea miguu lilijua thamani ya miguu, na madaktari wake walilazimika kupanga ukaguzi wa nyayo, kuwachokoa wagonjwa na kuwalaza waliokwisha kuoza vidole.

Hapa ndipo tunapoona kwamba maradhi haya yalifuata vyeo. Ofisa wa Kizungu alivaa buti, akalala juu ya kitanda cha safari, na alikuwa na mtumishi wa kumtazama vidole kila jioni. Askari wa Wajerumani walianza vita wakiwa na viatu, lakini kadiri miaka ilivyopita ngozi ikawa adimu. Askari wengi wa Kongo na wa King's African Rifles walitembea pekupeku. Mpagazi alikuwa pekupeku tangu siku ya kwanza, akilala juu ya vumbi la kambi ambamo maelfu walikuwa wamelala usiku uliotangulia, na kwa hiyo juu ya mayai yaliyodondoshwa na tekenya wa jana. Kambi ya wapagazi ilikuwa shamba zuri kuliko yote ambayo mdudu huyu angeweza kulipata. Wala mpagazi hakuwa na nafasi ya kujitibu. Kuchokoa tekenya kwataka mwanga, utulivu na mkono wa mtu mwingine, na mtu anayeondoka alfajiri na mzigo kichwani hana hata kimoja.

Lugha imehifadhi kumbukumbu ya watu hawa kwa namna mbili zilizo wazi. Kwanza ni Kariakoo, jina la mtaa wa Dar es Salaam, ambalo limetokana na Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Nairobi nayo ilikuwa na Kariakoo yake, inayotamkwa Kariokor. Pili ni maandishi ya sanamu za ukumbusho zilizosimamishwa Dar es Salaam mwaka 1927 na Nairobi mwaka 1928, ambayo Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake. Maandishi hayo yanawataja wapagazi kuwa ni miguu na mikono ya jeshi. Mwandishi wake alikusudia sifa. Lakini mtu anayejua habari za tekenya hawezi kuyasoma bila kusita. Ikiwa wapagazi walikuwa miguu ya jeshi, basi jeshi lile lilikuwa na miguu iliyokuwa ikiliwa, na halikuwa tayari kuivisha viatu.

Maneno mawili

Sasa nageukia maneno. Kamusi zetu zinatupa tekenya na funza, na mara nyingi hueleza moja kwa jingine kana kwamba ni visawe kamili. Mimi naona si visawe kamili.

Tuanze na funza. Neno hili lina maana pana zaidi ya mdudu huyu. Funza ni buu aliyemo ndani ya nyama iliyooza, ndani ya embe, ndani ya mahindi. Ni funza pia yule anayetokana na inzi atagaye mayai katika nguo zilizoanikwa, ambaye huota ndani ya ngozi ya aliyevaa nguo bila kuipiga pasi. Tekenya alipowasili alikuta nomino hii, naye akaingizwa ndani yake. Jambo hili ni la kawaida katika lugha zote: kigeni hupewa jina la kilichozoeleka. Lakini pamoja na jina, hupewa pia majirani wa jina. Mahali palipo na funza pana uozo. Kwa hiyo anayesema mtu "ana funza" anasema, bila kukusudia, kwamba mtu huyo ameoza au ameachwa aoze. Hilo ndilo jicho la mtazamaji. Linaona kidonda, usaha na harufu, yaani mwisho wa maradhi.

Neno tekenya ni la namna nyingine. Kitenzi kutekenya kinajulikana na kila mtoto: ni kumgusa mtu kwapani au nyayoni mpaka acheke. Kutoka katika kitenzi hicho tumepata jina la mdudu, na namna lilivyopatikana inastahili kuangaliwa. Kwa kawaida nomino ya mtenda huvaa kiambishi awali na kiambishi tamati, kama mwandishi kutoka andika na mchezaji kutoka cheza. Hapa hatukupata "mtekenyaji." Kitenzi kimechukuliwa kama kilivyo, bila vazi, kikawa jina, kisha kikapewa upatanisho wa viumbe wenye uhai, tukasema tekenya ameingia, tekenya wameingia. Maana yake ni mwasho wa kwanza, ule mguso mdogo chini ya kucha ambao mtu mwingine hawezi kuuona. Ni mwenye mguu peke yake anayeweza kulitunga jina kama hilo. Hilo ndilo neno lililotoka ndani ya ngozi.

Linganisha na Wajerumani, ambao humwita kiroboto wa mchanga. Wao walimtaja kwa makazi yake. Kiswahili, kupitia neno tekenya, kimemtaja kwa hisia.

Tuangalie na vitenzi. "Ana funza" ni muundo wa umilikaji, sawa na "ana nyumba" au "ana tabia." Kilichotajwa kinakuwa cha mtu. "Ameingiwa na tekenya" ni muundo wa kutendwa, sawa na "ameingiwa na hofu." Mtu anakuwa yule aliyefikwa na jambo, na mtenda wa tendo ni mdudu. Bibi yangu hakusoma sarufi, lakini alijua ni nani mtenda. Akaongeza na sharti: usingekuwa na ndara. Katika maneno machache alieleza kisababishi, njia ya maambukizo na kinga.

Kwa wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu, ukanda wa Katavi ni ghala. Humo mna Kipimbwe, Kibende, Kikonongo na Kifipa, mna Kisukuma cha wafugaji waliohamia, na katika Katumba na Mishamo mna Kirundi cha watu waliokimbia Burundi mwaka 1972 na ambao wengi wao sasa ni raia wa Tanzania. Warundi na Wanyarwanda humwita mdudu huyu imvunja, na Waganda envunza. Kufanana kwa maneno hayo na funza kunadai uchunguzi. Ramani ya majina ya tekenya, ikichorwa kijiji kwa kijiji, ingetuonyesha ni kwa njia zipi watu walitembea, kwani mdudu huyu hakuwa na miguu mingine ila ya watu.

Istilahi na aibu

Wengine watauliza kama haifai tuachane na maneno yote mawili, tutumie istilahi ya kitaalamu, tungiasisi. Sina ugomvi na istilahi hiyo ndani ya jarida la tiba. Lakini istilahi hutungwa ili jambo litajwe, na mgonjwa wa kijijini hawezi kutaja asichokijua. Akiambiwa ana tungiasisi atadhani amepata ugonjwa wa pili. Neno vimelea tulilipata vizuri kutoka katika kitenzi mea, na linaeleweka kwa sababu limeota katika lugha. Tekenya nalo limeota. Kwa hiyo pendekezo langu ni kwamba maandishi ya afya yaseme "ugonjwa wa tekenya," na yaseme mtu "ameingiwa," na neno funza libakie kwa mabuu.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza upele na maradhi mengine ya vimelea vya ngozi katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa. Tiba na kinga zinajulikana: mafuta ya dimetikoni, ambayo huziba pumzi ya mdudu bila kumkata mgonjwa, viatu, sakafu isiyo ya vumbi, na kutenga mahali pa kulala watu na mahali pa kulala nguruwe, mbwa na mbuzi. Inajulikana pia kwamba pini au mwiba mmoja ukichokoa miguu ya wengi hupitisha magonjwa mabaya kuliko tekenya. Lakini hakuna dawa inayomfikia mguu uliofichwa chini ya kanga. Aibu ndiyo inayoificha miguu hiyo, na aibu hukaa katika maneno.

Historia inatusaidia kuiondoa. Wapagazi wa mwaka 1916 hawakuwa wachafu kuliko maofisa waliowaongoza. Walinyimwa viatu, walinyimwa kitanda, na walinyimwa jioni ya kukaa na kuangaliwa miguu. Mtoto wa leo anayelala juu ya sakafu ya udongo amenyimwa mambo yale yale. Mtu akitaka kumlaumu, kwanza amuulize nani aliyebeba mizigo mpaka Tabora.

Hitimisho

Katika nchi ya Mpanda utawakuta wafugaji na wakulima wamevaa makubadhi yaliyokatwa kutoka katika mipira ya magari. Watu huyaita katambuga, kwa sababu mtu akiyavaa huweza kuikata mbuga. Jina hilo hunipendeza. Limetungwa kama tekenya lilivyotungwa, kwa kuchukua kitenzi kama kilivyo na kukitia kazini, na limetungwa na watu wanaojua ardhi wanayoikanyaga. Baina ya maneno haya mawili, moja la mdudu na moja la kiatu, mna historia nzima ya mguu wa Mwafrika wa kawaida katika karne iliyopita.

Sisi wanaisimu hatuna dimetikoni. Tuna kamusi, vitabu vya kiada, mitihani na darasa. Ninachoomba ni kwamba siku mwalimu mmoja atakapomwita mtoto mbele na kuuliza darasa "Huyu ana nini?", awepo walau mwanafunzi mmoja aliyefundishwa kujibu, "Mwalimu, ameingiwa na tekenya. Hana viatu." Mwenzangu wa dawati moja hakupata mtu wa kumjibia hivyo. Nilikuwa nimekaa karibu naye kuliko wote, na neno nililokuwa nalo mdomoni lilikuwa la darasa.